Mama katajiwa namba hospitali, akaishia tano. Hicho ndicho kipimo cha kusahau?

Bint Mwera:

Wakuu habari za jioni. Nisaidieni kuelewa jambo, maana tangu Jumatano silali vizuri.

Mama yangu ana miaka 71. Ana sukari, lakini anajitunza, sokoni anakwenda mwenyewe. Zamani alikuwa opereta wa simu Tanga mjini, enzi za Shirika la Posta na Simu, wale wa kuchomeka waya kwenye ubao. Sasa tangu Ramadhani iliyopita ameanza kusahau. Ameunguza maharage mara mbili. Kubwa zaidi, alipokea hela ya upatu, laki mbili, akaifunga kwenye kanga, kanga akaiweka "mahali pazuri". Huko mahali pazuri hajapaona mpaka leo. Tumepekua hadi gunia la mchele.

Nikampeleka hospitali, jina tuliache. Daktari alimwuliza mawili matatu, akatuelekeza chumba cha pili kwa kijana mmoja mwenye karatasi. Chumba chenyewe kimepakana na dirisha la dawa, watu wanaitwa kwa kipaza sauti, na feni ya juu inagonga kakaka kakaka. Kijana akamwambia, "Mama, nakutajia namba, nikimaliza uzirudie vilevile." Tatu, mama akazirudisha. Nne, akazirudisha. Tano, akazirudisha. Zilipofika sita kijana akazimwaga mbiombio kama mtu anayetaja namba ya simu huku basi linaondoka. Mama akakosa. Akapewa sita nyingine, akakosa. Kisha akaambiwa azirudishe kinyumenyume: tatu aliweza, nne zikamshinda.

Kilichoniuma ni hizo sita za mara ya pili. Katikati mama alisema "kenda". Kijana akauliza, "Anakwenda nani, mama?" Nikamwambia kenda ndiyo tisa, kwetu Pangani wazee wanasema hivyo. Akacheka, akasema hapa tunatumia tisa. Peni yake ilishapita.

Kwenye cheti kaandika: kumbukumbu ya muda mfupi iko chini, mbele 5, nyuma 3. Turudi baada ya wiki mbili.

Ninachouliza: hizo namba zinapima nini hasa? Na tano ni ndogo kiasi cha kuogopa? Nimesikia mtu mzima anatakiwa ashike saba. Mbona mama huyuhuyu anasoma kasida kutoka mwanzo mpaka mwisho hajashika karatasi?

Wakala wa Kona:

Pole dada. Mimi si mtaalamu, nina kibanda cha miamala stendi. Kwa siku natajiwa namba za simu labda themanini. Mteja akisema "sifuri saba tano nne" mimi sihesabu namba nne hapo, kwangu hicho ni kitu kimoja, nimeshajua ni mtandao gani. Zinabaki sita, nazipokea tatu tatu. Akitokea mzee akanisomea "arobaini na moja, themanini na sita" namwambia babu anza upya, umenivuruga.

Halafu niulize namba hiyo nikishabonyeza kutuma. Sina hata moja. Kama kushika namba ndiyo akili, basi mimi ni profesa wa sekunde kumi.

Karani wa Vipimo:

Dada Bint Mwera, poleni. Mimi si daktari. Nilifanya kazi miaka minne kama msaidizi wa utafiti, nikizunguka nyumba kwa nyumba na begi la karatasi kuwapima wazee, na hicho kipimo cha namba nimekisoma mpaka nikawa nakiota. Kwa hiyo nikueleze ninachokijua.

Kwanza usomaji. Kabla hatujaruhusiwa kumgusa mzee yeyote tulikaa wiki nzima tunasomeana namba mbele ya saa ya ukutani. Namba moja kwa sekunde moja, sauti bapa, haipandi, inashuka kidogo kwenye namba ya mwisho ili mtu ajue zamu ni yake. Ukiharakisha umeshapima kitu kingine. Ukizifunga mafungu kama namba ya simu umeshamsaidia mtu bila kujua, maana hayo mafungu ndiyo kazi ambayo kichwa chake kilitakiwa kifanye chenyewe. Kuna watu wawili walirudishwa nyumbani kwenye mafunzo yetu kwa sababu midomo yao ilikataa kusoma bapa. Kwa hiyo unaposema "kama namba ya simu huku basi linaondoka", mimi hapo moyo umeniruka.

Kuacha baada ya kukosa mara mbili kwenye urefu uleule, hapo kijana yuko sahihi. Utaratibu ndio huo.

Kipimo chenyewe ni kikongwe. Joseph Jacobs alikitumia London mwaka 1887 kwa wasichana wa shule, akaona wakubwa wanashika namba nyingi kuliko wadogo. Binet akakiingiza kwenye kipimo chake cha watoto Ufaransa mwaka 1905, Wechsler akakiweka kwenye cha watu wazima New York mwaka 1939, na tangu hapo hakijatoka. Kimedumu kwa kuwa hakihitaji kifaa. Mdomo mmoja, masikio mawili, umemaliza. Tatizo ni kwamba urahisi huohuo unamfanya kila mtu adhani anaweza kukifanya popote, hata chini ya feni inayogonga.

Sasa saba yako. Hiyo inatoka kwa George Miller, Mmarekani, makala ya mwaka 1956. Watu wamebeba namba wakaacha maneno. Miller alikuwa anasema hivi anavyosema Wakala hapo juu: kichwa hakihesabu namba, kinahesabu mafungu, na fungu moja laweza kubeba namba moja au nne, kulingana na unachokijua tayari. Kuna kijana wa chuo huko Pittsburgh, watafiti walimwita kwa herufi mbili tu, S.F., alianza na namba saba kama sisi wote. Akafanyishwa mazoezi kama saa 230 kwa mwaka mmoja na nusu hivi, akafika namba 79. Alikuwa mwanariadha. Akisikia 3, 4, 9, 2 anajiambia "dakika 3, sekunde 49 nukta 2, muda wa maili moja". Wakambadilishia wakampa herufi badala ya namba, akarudi sita. Kichwa hakikupanuka hata kidogo, alikuwa na kabati zuri tu la muda wa mbio. Nelson Cowan alipokusanya tafiti ambazo mtu hapewi nafasi ya kufunga mafungu, mwaka 2001, akasema idadi halisi ni kama nne.

Kuhusu tano ya mama. Kuna kipimo cha wazee kinaitwa MoCA, kilitoka Montreal mwaka 2005, kinatumika nchi nyingi sana. Sehemu yake ya namba inaomba namba tano kwenda na tatu kurudi, basi, hakuna zaidi. Mama yako pale angechukua alama zote mbili. Sijui kijana alitumia kipimo gani na alilinganisha na watu wa umri gani, lakini kuandika "chini" kwa mama wa miaka 71 mwenye 5 na 3 ningemwomba anionyeshe jedwali.

Lakini usishangilie bado. Kubwa ni hili: kushika namba na kusahau kanga ni vitu viwili. Mmarekani Henry Molaison alitolewa sehemu ya ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa. Baada ya hapo ukimtajia namba anakurudishia kama mimi na wewe. Ukitoka chumbani ukarudi baada ya muda, anakupokea kama mgeni. Upande wa pili, mwaka 1969 Warrington na Shallice wa London waliandika habari za mgonjwa ambaye akitajiwa namba mbili tu anayumba, ila mambo ya kujifunza na kukumbuka baadaye anaweza. Kwa hiyo hata mama angerudisha namba nane siku ile, nisingekwambia lala usingizi. Na kasida haipimwi kwa namba, ipo kabati jingine kabisa, la miaka sitini.

Swali linaloigusa kanga ni lile la maneno: anatajiwa maneno kama matano, anapigishwa stori nyingine dakika tano hivi, halafu anaulizwa tena. Je, hilo walimfanyia?

Bint Mwera:

Hapana kaka, maneno hawakumwuliza kabisa. Namba, tarehe ya leo, na kuchora saa. Saa alichora vizuri, ila aliiandika kwa saa za Kiswahili, kijana akaanza tena kukuna kichwa.

Mvita Kwetu:

Salaam kutoka Mombasa. Nimeusoma huu uzi nikamwita mwanangu anisomee namba, moja moja kama alivyosema Karani. Kwa Kiingereza nimefika saba. Kwa Kiswahili sita, na mara mbili nimekwama. Mimi namba zote za simu na za benki nazisema Kiingereza tangu shule, nikafikiri Kiswahili changu kimeanza kuoza. Au kuna sababu nyingine?

Karani wa Vipimo:

Mazoea yana sehemu yake, mkuu, lakini hebu hesabu silabi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa: kila moja ina silabi mbili. Za Kiingereza, moja hadi tisa, zote ni silabi moja isipokuwa saba. Mzigo wa mdomo ni karibu mara mbili.

Hili lina historia nzuri. Wales kule Uingereza, watoto waliopimwa kwa Kiwelishi walionekana wanashika namba chache kuliko wenzao wa Kiingereza kwenye kipimo kilekile. Ungeweza kuandika cheti kama cha mama Bint Mwera kwa taifa zima. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly wakachukua watu wenye lugha zote mbili, wakaona namba za Kiwelishi zinachukua muda mrefu zaidi kutamka. Wakawafanya wawe wanarudiarudia neno moja mdomoni huku wanasikiliza, ili wasiweze kujisemea namba kimoyomoyo. Tofauti ya lugha ikayeyuka.

Miaka mitano kabla, Baddeley na wenzake walishaonyesha kwamba mtu hushika takribani kile anachoweza kukitamka ndani ya sekunde mbili. Namba unazikariri ndani kwa ndani zisipoe, na mdomo wa ndani ukiwa na maneno marefu zile za mwanzo zinapoa kabla hujazirudia. Wachina, ambao namba zao ni fupi sana, wanawazidi Waingereza. Kwa hiyo ukichukua jedwali la New York ukamhukumia mzee wa Pangani anayehesabu Kiswahili, umempa mtu mbio za mita mia huku kavaa kanzu.

Na kuna la pili, hili kwetu ni baya zaidi. Sema haraka: sita, tisa. Ni silabi karibu zilezile zimegeuzwa. Nne na nane. Tatu na tano. Sita na saba zinaanza pamoja. Conrad wa Cambridge, ambaye kwa bahati alikuwa akifanyia kazi mambo ya namba za simu kwa ajili ya Posta ya Uingereza, alionyesha mwaka 1964 kwamba hata mtu akiziona herufi kwa macho, makosa yake huja kwa sauti: anaandika ile inayofanana mlio, wala si ile inayofanana umbo. Baddeley mwaka 1966 akawapa watu maneno matano matano. Yanayotofautiana mlio walipatia kama mara nane kati ya kumi, yanayofanana mara moja hivi kati ya kumi.

Weka na feni hapo. Bint Mwera, mama anasikia vizuri?

Bint Mwera:

Kaka Karani, juu ya kusikia, sasa ndiyo najiuliza. Redio huwa anaiweka juu. Tulidhani ni ubishi.

Ila ngoja niwape hii. Nimemsomea mama uzi wote, na pale kwenye sita na tisa akanikatiza. Akasema, "Hayo mbona tulikuwa tunayajua." Anasema laini ya Korogwe ikichakaa, hasa mvua ikinyesha, sita na tisa ni mtu mmoja, unamwunganisha mteja na nyumba ya watu. Mkubwa wao wa zamu, mama mmoja wa Kidigo, akawaambia ikiwa laini mbaya semeni kenda. Tangu hapo namba akitajiwa haraka au kwa kelele, kenda inamtoka yenyewe. Yule kijana kamsomea kwenye kelele, naye kamjibu kiopereta. Namba za Tanga wakati ule zilikuwa tano tu, anasema, "tano ndiyo ilikuwa kazi yangu, sita alinilipa nani?"

Nikajaribu mwenyewe sebuleni. Nimezima tivii, nimekaa upande wa sikio la kulia, nikafuata mshale wa saa. Sita kwa kutumia tisa, kakosa. Sita nyingine kwa kutumia kenda, kapata, nyingine tena kapata. Kwa hiyo ni sita, au siyo?

Karani wa Vipimo:

Huyo mkubwa wa zamu alikuwa anafanya wanachokifanya marubani: wao tisa ya Kiingereza wanaiongezea mkia, "naina", isichanganyike na tano redioni. Amenifurahisha sana.

Lakini dada, nikuvunje moyo kidogo. Jaribio la sebuleni usilibebe kwenda nalo kama ushahidi. Umesoma wewe, unamtakia mema, ulijua lini unataka apate, na hizo za kenda alizisikia mara ya pili na ya tatu, kichwa kikiwa kimeshapata moto. Sisi tulikuwa tunakatazwa hata kutikisa kichwa mzee akipatia. Hilo la redio ndilo la kubeba. Waambie waangalie masikio kwanza, kisha namba zisomwe chumba kimya, kenda ihesabiwe kuwa tisa, na maneno ya kukumbuka baadaye yaulizwe. Ukikuta kijana yuleyule mwambie kwa upole, huenda hakuna aliyemfundisha. Wengi wanapewa karatasi asubuhi na foleni mchana.

Wakala wa Kona:

Kuanzia leo kibandani ni kenda. Wateja watanizoea.

Bint Mwera:

Wakuu, narudisha majibu, tumetoka huko jana.

Masikio: nta. Kulia nyingi, kushoto imeziba kabisa. Wamemsafisha, mama akatoka nje akauliza kwa nini bodaboda zinapiga kelele hivi.

Safari hii alimpima dada mmoja wa makamo, chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Alisoma polepole mpaka mimi mwenyewe nikawa nasinzia. Kenda alipoambiwa, akaandika pembeni na kuendelea. Namba: sita kwenda, nne kurudi.

Ila maneno matano, baada ya kuchorachora na kuzungumza, mama alikumbuka mawili. La tatu alilipata alipodokezwa kwamba ni kitu cha kuvaa. Mawili hakuyajua kabisa, na aliponitazama nilishindwa kumtazama. Daktari ameifuta ile "chini" ya namba kwenye cheti, kwamba haikuwa na maana, halafu akaandika mstari mpya wa maneno. Kauliza dawa za sukari. Mama anameza metformin miaka mingi, na daktari anasema ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na hiyo ikishuka kumbukumbu nayo inayumba. Damu imechukuliwa, majibu Ijumaa. Asipoona kitu hapo ataendelea kutafuta.

Kaka Karani, ahsante, umenisaidia kuuliza swali linalotakiwa. Kanga bado hatujaiona.